Jembe Lisilo na Mpini

Mwalimu Oliva, aliyepokea vipindi vyangu vya falsafa, alinipigia simu wiki iliyopita. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Samahani, Mwalimu. Kwenye kabati la mwaka wa pili palikuwa na jembe lisilo na mpini. Padre Gombera, mkuu wetu wa chuo, anasema ni kifaa cha kufundishia. Hukuliona?" Nikamwambia liko kwangu. Akauliza nitalirudisha lini. Nikamjibu kwamba hilo ni refu kuliko salio la simu yangu, aniache nimwandikie.

Basi namwandikia, na ninyi walimu vijana wenzake mkitaka someni. Vyeo sitavitaja. Nilivyopewa havikunisaidia kuelewa lolote, na nilivyonyimwa vilinipa muda wa kusoma.

Kwa asiyetujua, chuo chetu kiko milimani juu ya Mbinga mjini. Vijana wanaotaka upadre husoma kwanza falsafa hapo, na wakifaulu ndipo huenda kusoma teolojia kwingine. Tunawaita mafrateri. Mimi nilikuwa mlei, mtu mwenye mke na shamba, na somo langu lilikuwa falsafa ya Ulaya bara, hasa ya Wajerumani na Wafaransa: kuwapo ni nini, akili inafika wapi, sanaa inafanya kazi gani. Jina langu ni Gebhard. Umatengo, nchi yetu hii ya milimani, umejaa akina Gebhard, Winfrida na Ditmari kwa sababu wamisionari waliotubatiza walikuja na majina ya kwao, na hawakuona haja ya kuyabadilisha. Nilipopewa somo hilo wenzangu walisema nimepewa kwa ajili ya jina. Siwezi kukana kabisa.

Siku ya kwanza sikufika kwa heshima. Basi lilitufia Kitai, nikadandia lori la mahindi, nikaingia chuoni nikiwa mweupe kwa vumbi lake kuanzia nywele hadi viatu. Aliyenipokea alikuwa Padre Ditmari, mwalimu mkuu wa falsafa, Mmatengo mzee aliyesoma Ulaya miaka mingi na kurudi na makoti mawili mazito na kikohozi. Akanitazama, akasema, "Karibu. Nilidhani tumeletewa mwalimu, kumbe tumeletewa unga." Akanipa chai. Mlima mzima ule ni kahawa tupu, lakini kahawa kwetu ni ya kuuza, tunakunywa chai.

Kesho yake niliketi nyuma ya darasa lake. Nilikuwa nimejaza begi vitabu. Yeye aliingia mikono mitupu, isipokuwa alishika jembe lisilo na mpini, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Hiki ni nini?"

"Jembe, Padre."

"Mama yako anapolima huwa analitazama?"

Frateri aliyeulizwa akafikiri. "Hapana, Padre. Anatazama udongo."

"Mpini ukivunjika?"

"Hapo atalitazama. Na atalisema vibaya."

Darasa likacheka. Padre akasubiri wanyamaze, kisha akasema, "Vitu vingi vinavyotuzunguka vimejificha ndani ya kazi yake. Vikiharibika ndipo tunashtuka kwamba kumbe vipo. Kule Ujerumani wako watu walioandika vitabu vinene juu ya mpini huu uliovunjika. Leo tutaanza kuvisoma. Msiogope unene wake."

Hilo ndilo jembe linalotafutwa. Alinikabidhi siku alipostaafu, pamoja na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Ukishauliza, funga mdomo. Usimwokoe mwanafunzi na ukimya. Ukimwokoa, unakuwa umemnyang'anya." Ni kanuni ngumu kuliko inavyosikika. Jaribuni kukaa kimya mbele ya vijana arobaini wanaotazama viatu vyao, huku kengele ya chakula inakaribia, mtaona.

Msidhani kazi yote ilikuwa ukimya. Tulipofika kwenye akili kulikuwa na makelele. Wako wanafalsafa waliosema akili ya mwanadamu ina uwezo wa kujifikisha yenyewe mahakamani, ijichunguze na kujiwekea mipaka. Nilikuwa naipenda mada hiyo na kuieleza kwa majivuno kidogo. Mwaka mmoja frateri mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hapo mshtakiwa ni akili, hakimu ni akili, na karani ni akili. Sasa mtu akitaka kukata rufaa aende wapi?" Nikamwambia hilo tutaliona kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikamkumbusha kwamba Ulaya yenyewe imeshakata rufaa hiyo mara nyingi na kesi bado inaendelea.

Kwenye sanaa nilijifunzia ziwani. Tulishuka na mafrateri hadi ufukweni, tukatazama mganda: wanaume wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wamepanga mstari, ngoma inapigwa, wanakwenda hatua kama gwaride. Nikawahutubia kwamba mchezo huu uliiga gwaride la askari wa wakoloni, kwa hiyo tunachokiona ni kivuli cha kitu kingine. Frateri Aidani, mwenyeji wa Lituhi, aliyekulia kwenye mganda, akasema taratibu, "Mwalimu, wale askari walikuwa wanakwenda kupiga watu. Hawa wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote," nikajibu.

"Basi siyo wale."

Nikakaa juu ya mchanga, nikaacha hotuba. Kuna kurasa nyingi huko Ulaya zinazosema hivyo hivyo, kwamba sanaa inachukua kitu kinachotumika na kukitoa kwenye matumizi ili tukione. Ni kama lile jembe mezani, ila hili halikuvunjika, linacheza.

Nyumbani alikuwapo Sabina, mke wangu. Kila nikirudi aliniuliza leo mmefundishana nini. Siku niliyomjibu "kutokuwapo," akaniwekea sahani tupu mezani, akakaa mkabala nami na uso mkavu. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, kisha akaleta ugali.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko nyuma ya chuo, na tulililima kwa ngolo kama watu wote wa milimani. Kwa wageni nieleze. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba unachotwa na kufunikia zile nyasi, yanatokea matuta ya kupandia maharage, na katikati linabaki shimo. Mvua ikija maji yanatulia mashimoni, hayashuki na udongo wetu. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Jembe na udongo ni kazi ya wanawake. Hakuna aliyetuambia ni sheria. Tulikuta iko hivyo.

Sasa nifike kwa Kastori.

Frateri Kastori alikuwa mtoto wa mjane, kutoka kijiji cha juu kabisa ambako mawingu huingia jikoni. Alikuwa akiandika vizuri, lakini ukimsimamisha aongee, haongei. Chuo kilikuwa na mtihani wa mdomo, na mtihani huo ndio uliokuwa mlango: asiyefaulu haendi teolojia, anafungasha. Mara ya kwanza Kastori alikaa mbele ya watahini kama nguzo. Akapewa marudio, na marudio hayarudiwi. Alitaka upadre kwa moyo wote. Aliniambia siku moja tukiwa tunapanga viti, bila kunitazama, "Mwalimu, nikirudi nyumbani mama hatasema kitu. Hilo ndilo ninaloliogopa."

Mwezi wa pili ule nilikuwa nafundisha kutokuwapo. Nilichoka kuona vijana wanakariri. Nikaamua kuwapeleka shambani kwetu, tutengeneze ngolo, kisha nisimame kando ya shimo niwaulize: katika hiki chote, ni kipi kinachoshikilia mlima? Nilijiona mbunifu sana.

Mafrateri walifanya kazi vizuri. Walifyeka, wakalaza nyasi kwa mistari iliyonyooka kabisa, wakapiga na picha. Kisha wakasimama. Wakanitazama. Nami nikawatazama. Ndipo nikaelewa nilichokifanya: nilikuwa nimepeleka darasa zima la wanaume kwenda kutengeneza shimo, na nilidhani kati yetu hakuna aliyewahi kulitengeneza. Mimi mwenyewe, mwalimu wa kutokuwapo, kila mwaka nililaza nyasi zangu, nikafuta panga na kwenda kunywa chai.

Sabina akatokea na jembe lake begani. Akasimama, mkono kiunoni.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama," wakajibu kwa pamoja.

"Mmemaliza nini? Kitanda mmetandika, sasa nani analala?"

Walicheka kwa aibu. Akashuka kwenye mraba wa kwanza aanze kuwaonyesha, na hapo Kastori akatoka kwenye kundi, akamwamkia, akapokea jembe kwa mikono miwili. Akainama. Alichota udongo na kufunika nyasi, akazunguka, akachota, akafunika, bila haraka, na tuta likainuka likiwa laini kama limepakwa kwa mkono. Nyuma yetu sauti moja ikasema, "Kastori, umeolewa lini, ndugu yangu?" Kicheko kikapasuka. Shingo ya Kastori ilibadilika rangi, lakini mikono haikusimama.

Sabina akawageukia. "Anayecheka aje apokee jembe."

Kisha akamwuliza Kastori kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Hii mikono ni ya nani?"

"Ya mama."

Jioni, tukila, Sabina akaniambia, "Yule mtoto ana jambo tumboni. Msimfukuze kabla hamjamsikia." Nikamwambia siku ya mtihani muda si mali yangu. "Wewe si ndiye unayeuliza?" akasema. "Basi uliza, kisha unyamaze. Si ndivyo mzee wako alivyokufundisha?"

Siku ya marudio tulikaa watatu. Padre Ditmari aliitwa kutoka mapumzikoni awe mwenyekiti, amevaa koti lake moja ingawa jua lilikuwa kali. Wa pili alikuwa mtahini wa nje, Daktari wa falsafa, mtu makini asiyependa mzaha. Wa tatu mimi. Kastori akaketi, mikono juu ya magoti.

Nikauliza, "Kutokuwapo ni nini?"

Ukimya. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Daktari akafungua kalamu, akaifunga. Nilitamani sana kumpa Kastori neno moja la kuanzia, hata jina la sura ya kitabu. Padre Ditmari akanitazama juu ya miwani yake. Nikauma ulimi.

Kastori akasema, "Naomba nijibu kwa Kiswahili."

Tulifundisha kwa Kiingereza vitabu vilivyotoka kwa Wajerumani, kwa vijana waliolelewa kwa Kimatengo. Padre akasema, "Jibu kwa lugha inayokuja."

"Baba alifariki mwezi wa kwanza," akasema Kastori. "Mvua ilikuwa imeshachanganya. Mwezi wa pili ulipofika wa kutengeneza ngolo, mama akachukua jembe, tukaenda shambani, tukakuta majani yamesimama. Hakuna aliyefyeka, hakuna aliyelaza. Mama alisimama pale muda mrefu, akalia. Msibani alikuwa hajalia hivyo. Ule mwaka tulilaza nyasi wenyewe, tukalaza vibaya, mvua ikashuka na maharage yote mpaka mtoni. Mwaka uliofuata mimi nikajifunza kulaza, na nikajifunza kuchimba pia ili mama apumzike." Akainua macho. "Nimesoma kwamba kutokuwapo si kitu. Naamini. Lakini kutokuwapo kwa baba kulikuwa na umbo. Kulikuwa na umbo la mistari ya nyasi ambayo hakuna aliyeilaza. Mtu mwingine akipita pale angeona majani tu."

Daktari akainama mbele. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya kazi yake. "Frateri, hiyo ni habari ya nyumbani, na nakupa pole. Lakini majani ni kitu, shamba ni kitu, hata shimo ni kitu, lina kingo. Nionyeshe kutokuwapo kwenyewe."

Nilidhani tumemkosa. Kastori akatazama mikono yake.

"Siwezi, Daktari. Nadhani hakuna anayeweza. Kutokuwapo sijawahi kukuona hata siku moja. Ninaziona kingo zake tu. Hata anayetengeneza ngolo hachimbi shimo. Anatengeneza matuta, shimo linajikuta lipo. Na likiwapo, linashika mlima."

Tulimtoa nje. Daktari akaandika muda mrefu, kisha akasema, "Sikubaliani naye. Kwangu mimi amechanganya maumivu na hoja. Lakini nimempinga na amejibu pingamizi, hajakimbia. Sina sababu ya kumwangusha." Akampa alama ya chini kabisa inayofaulisha. Padre Ditmari akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaifuta tena ingawa ilishakuwa safi. Nikatoka kumwambia Kastori. Aliniamkia upya, kama kwamba hatujaonana siku hiyo, kisha akakimbia kwenda kutafuta simu ya kumpigia mama yake.

Nilipompasha Sabina habari, hakushangaa. Akasema tu nimletee kuni.

Kastori alikwenda teolojia, na baada ya mwaka akaacha kwa hiari yake. Watu walisema falsafa imemharibu, na Padre Gombera wa wakati ule akawa akinisalimia, "Habari za mharibifu?" Mimi sijui. Alioa, akachukua ardhi Litumbandyosi, akamhamishia mama yake huko. Alipokuja mjini kwa shughuli zake, alipita kunisalimu, akaniuliza tumefika sura ya ngapi.

Nilistaafu mwaka jana. Sabina alifariki kabla ya hapo, miezi michache tu, kwa ugonjwa ambao hospitali waliujua jina lake lakini si dawa yake. Sherehe ya kuniaga ilikuwa nzuri, walinipa blanketi. Siku niliposafisha kabati nililiona lile jembe, nikatoka nalo chini ya kwapa. Hakuna aliyeniuliza, maana nani anaiba jembe bovu.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda shambani kama kila mwaka. Nikafyeka taratibu, umri huu kazi inaenda na mapumziko. Nikalaza nyasi, mstari kwa mstari, miraba ikajipanga hadi chini. Nikafuta panga. Nikageuka kwenda kunywa chai.

Hapo miguu iligoma. Nilitazama ile miraba. Nimefundisha kutokuwapo miaka yote ya utu uzima wangu, nimesahihisha insha zake, nimebishana juu yake na watu waliosoma kuliko mimi. Kutokuwapo kwenyewe nilikuwa sijawahi kukuona. Kulikuwa kumelala pale mteremko mzima, kumepangwa vizuri kwa mkono wangu mwenyewe, kunangoja jembe la Sabina. Nililia pale pale, mzee mzima, na sikujali nani anapita.

Kesho yake nilimpigia Kastori. Sikumweleza mengi. Alikuja na bodaboda, ameshika mpini mpya wa mti aliouchonga mwenyewe, maana nilimwambia nina jembe lisilo na mpini. Akaukaza, akaupigapiga kwenye jiwe, akanipa.

"Sasa Mwalimu, usichimbe shimo," akasema. "Funika nyasi tu. Shimo litakuja lenyewe."

Matuta yangu ya kwanza yalikuwa na matuta juu yake. Kastori aliyatazama, akauma mdomo asicheke, kisha akashindwa, nami nikacheka naye. Mama mmoja jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya bonde, "Mwalimu, umeolewa lini?" Nikamjibu, "Juzi!" Tukaendelea mpaka mraba wa mwisho, na mvua ilipokuja siku iliyofuata nilivaa koti nikaenda kutazama. Kila shimo lilikuwa na maji yake, yametulia.

Kwa hiyo, Mwalimu Oliva, jembe halirudi. Tafuta kitu kingine kilichovunjika, hapo chuoni hakikosekani. Hili limepata mpini, na asubuhi nikiwa shambani silioni tena. Naona udongo tu, na maharage ya Sabina yanaota.